Mshale wa Nukta Nukta

Jumatatu, 3 Machi

Kila nikianza mradi mpya naanza na shajara mpya, kwa sababu ramani ya kazi hairuhusiwi kuwa na majina wala hasira, na mimi ninavyo vyote viwili. Leo nimeripoti kwenye shirika linaloshughulikia mitaro na mabomba ya jiji. Nimepewa chumba kirefu cha mikutano chenye ukuta mmoja mtupu, na huo ukuta ndio ofisi yangu mpaka masika yaishe.

Kazi yenyewe ni malalamiko. Mwananchi anapiga simu kwamba mtaro umeziba mbele ya nyumba yake. Je, ile taarifa inapita kwa nani, inakaa wapi, inasahaulika mezani kwa nani, mpaka gari la mafundi litoke? Kila hatua naichorea kisanduku, kila kisanduku nakiunganisha na mwenzake kwa mshale. Mkurugenzi anataka nimwonyeshe taarifa zinapokwama. Ni mtu mfupi, nadhifu, anayesikiliza ameinamisha kichwa, na mimi nikisikilizwa namna hiyo huwa nayeyuka.

"Una ndugu yeyote hapa shirikani?" akaniuliza. "Ramani yako tutaitumia. Sitaki mtu aje kusema imependelea."

Nikajibu sina. Mume wangu hana kazi tangu kiwanda chao kifungwe, nyumba nzima inauangalia mkataba huu, na mpokezi wa malalamiko pale chini ni wifi yangu. Lakini wifi si ndugu, nilijiambia nikipanda ngazi, wifi ni wifi.

Jumanne, 4 Machi

Manyunyu. Nimekutana na wifi kwenye ngazi. Kanikonyeza, kapita zake kama hanijui. Angalau kwa hilo ana akili.

Ijumaa, 7 Machi

Leo ilikuwa zamu ya kumhoji yeye. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke wa kujaza mlango. Hapa kazini wanamwita Kipaza, maana akicheka kule mapokezi sisi wa juu tunajua nani kamchekesha. Nyumbani kwangu huja kila Jumamosi, na tangu niolewe hajawahi kunisalimia kabla hajafunua sufuria zangu. "Wifi, hii chumvi umeihesabu punje?" Ndiyo salamu yake. Nimemvumilia kwa heshima ya mume wangu, lakini nisiseme uongo humu, nimemvumilia kwa meno.

Nikamsomea ahadi ninayowasomea wote: hatuandiki majina, tunachora kazi, hatuchori mtu. Akakaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti.

"Simu inaita, napokea," akasema. "Naingiza kwenye mfumo, natuma kwa msimamizi wa kanda. Msimamizi akikubali, inakwenda kwa mhandisi. Mhandisi akiidhinisha, inakwenda kwa nyapara wa mafundi, gari linatoka."

"Na msimamizi asipokuwepo mezani?"

"Nasubiri."

"Na yule mwenye maji mlangoni?"

"Na yeye anasubiri." Akatazama dari.

Nimechora vilevile alivyosema. Mistari imenyooka, inapendeza.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Ukuta umejaa karatasi za kubandika, za njano kwa kazi, za bluu kwa taarifa. Mafundi wanachungulia mlangoni na kusema nimefungua duka la vitambaa.

Jumatatu, 17 Machi

Kuna kitu hakikai sawa. Nimelinganisha taarifa za kwenye mfumo na safari za gari la mafundi, nikakuta mitaro iliyozibuliwa kabla mhandisi hajaidhinisha. Si mmoja wala miwili. Mafundi wanafika mahali ambapo, kwa mujibu wa ukuta wangu, hakuna aliyewaambia waende.

Nimemuuliza nyapara. Kajikuna shingo. "Mama, sisi tukiona maji tunakwenda."

Muongo mkubwa! Maji ya mtaa wa upande wa pili wa jiji aliyaona kwa jicho gani? Nimeudhika siku nzima. Sipendi mshale unaofika kwenye kisanduku bila kusema umetoka wapi.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mkurugenzi kauliza kama nimepata chochote. Nikasema bado. Kainamisha kichwa kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumamosi, 22 Machi

Kitindamimba wangu kaamka na homa, mwili kama pasi. Baba yake alikuwa ametoka alfajiri kufuatilia kibarua. Mimi nilikuwa nazunguka jikoni na kijiko cha dawa mkononi, sijui niendako, wifi akaingia. Hakugusa sufuria hata moja. Kamchukua mtoto, kamfunga mgongoni kwa kanga yake, kaniambia, "Kaa chini, unatutia kizunguzungu." Kampangusa, kamnywesha uji kwa vitisho na nyimbo, na mchana homa ikashuka. Nikaona aibu kidogo kwa yote niliyowahi kuyasema juu yake chumbani kwangu.

Mtoto alipolala tukakaa tunachambua mchele, mvua inapiga bati. Sijui ni uchovu au ni nini, tukacheka kama mashoga wa shule. Akamwigiza mhandisi anavyoweka sahihi, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikacheka mpaka mchele ukamwagika. Ndipo nikasema, na Mungu anajua nilisema tu kwa kulalamika, kwamba kuna mitaro inajizibua yenyewe.

"Wewe naye!" akasema. "Unadhani mafundi wanaota ndoto? Mimi nampigia nyapara. Kwa simu yangu, kwa vocha yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Wifi, mtu mwenye maji mlangoni sauti yake naijua. Anaanza kwa kukusalimia vizuri, kisha anasahau anachosema. Sasa huyo nimweke asubiri msimamizi aliyekwenda kunywa chai? Nampigia nyapara, anakwenda, zile idhini zinafuata nyuma taratibu." Kisha akapunguza sauti, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. "Na mara nyingine, usinitolee macho, ni shoga yangu tu kanipigia, namrusha foleni. Mimi si malaika. Lakini haya ni ya humu jikoni, wifi."

"Ya humu jikoni," nikamjibu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimesimama mbele ya ukuta asubuhi nzima na kalamu mkononi. Sasa kila kitu kinaeleweka. Mitaro ile yote inaingia mahali pake ukiweka mshale mmoja tu, kutoka kwa mpokezi moja kwa moja hadi kwa nyapara, ukiwaruka wale wawili wa katikati. Ramani isiyokuwa na mshale huo ni uongo, na mimi sijaajiriwa kuchora uongo.

Sijauchora.

Jumatano, 26 Machi

Nimeuchora. Kwa nukta nukta, ndivyo tunavyochora njia isiyo rasmi. Sikuandika jina. Sikuandika jikoni. Niliandika "mpokezi wa malalamiko", kama nilivyoandika "mhandisi" na "nyapara". Kazi, si mtu. Kisha nikauona umefifia kati ya mistari mingine, nikaurudia kwa kalamu nyekundu, nikarudi nyuma hatua kadhaa kuutazama, na ukweli wangu leo ni kwamba nilifurahi. Ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kufanya.

Jumamosi, 29 Machi

Wifi kaja na maembe kwa ajili ya mgonjwa, ambaye sasa anaruka juu ya viti. Nimemwambia nina kazi nyingi, nikajifungia chumbani. Nilikuwa nimekaa kitandani tu.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo nimewasilisha. Walikuwepo wakuu wa vitengo wote, wamekaa na chai zao, na mimi nimevaa gauni la bluu. Nilipofika kwenye mshale mwekundu nikanyamaza kidogo kabla ya kuueleza, makusudi, ili wautamani. Ndivyo nilivyofanya. Nauandika ujinga huu kama ulivyo.

Mkurugenzi akasimama, akaja mpaka ukutani. "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta," akasema. "Safi sana, mshauri. Safi sana." Wakapiga makofi. Masikio yangu yakapata moto wa raha.

Kisha akaweka kidole kwenye kisanduku ulikoanzia ule mshale. "Mpokezi wa malalamiko. Si yupo mmoja tu?"

"Mmoja tu," akasema mtu nyuma. "Kipaza."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mimi nikasimama na kalamu yangu. Miaka yote nimewasomea watu ile ahadi, tunachora kazi, hatuchori mtu, na haijawahi kunijia akilini kwamba kisanduku chenye mtu mmoja ndani ni jina lake na picha yake. Wasimamizi wa kanda wapo wengi, mafundi wapo wengi. Yeye yuko peke yake pale chini na simu yake. Nilijua. Kila asubuhi nampita. Nilijua na nikautia wekundu.

Jumatatu, 7 Aprili

Waraka umebandikwa kila mlango. Ni marufuku mpokezi kuwasiliana na mafundi kwa njia yoyote nje ya mfumo, na ni marufuku hatua yoyote ya idhini kurukwa. Atakayekiuka atafikishwa kwenye kamati ya nidhamu. Waraka wenyewe umeambatanishwa na nakala ndogo ya mchoro wangu, mshale mwekundu umekatwa kwa alama ya mkasi.

Leo mapokezi hapakusikika kicheko.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilidhani hatakuja. Kaja. Mume wangu alikuwa sebuleni na watoto, yeye akanifuata jikoni, akasimama mlangoni, na mimi nikageukia sinia la mchele kana kwamba mchele ungenificha.

"Nilikuambia ni ya humu," akasema. Polepole, yeye Kipaza.

"Sikuandika jina, wifi."

"Pale chini kuna mwingine?"

 Nikaanza kusema kwamba ramani lazima iwe kamili, kwamba njia isiyo rasmi ikijulikana inaweza kuhalalishwa, kwamba mimi nilitegemea Mkurugenzi ataiona kama njia ya kuokoa muda. Yote nilikuwa nayatunga palepale. Aliniacha nimalize. Hilo ndilo lililoniumiza, aliniacha nimalize.

"Mdogo wangu anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Usimwambie. Mtagombana bure na watoto wasikie." Akatoka, akaenda kucheka na watoto sebuleni. Natamani angenitukana. Tusi ningelipa na mimi tusi, yakaisha.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua mfululizo. Napanda ngazi za nyuma siku hizi. Mume wangu kanisifu leo mbele ya jirani kwamba mkewe kaaminiwa na wakubwa. Nimekwenda kuanua nguo ambazo hazikuwa zimeanikwa.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Naandika yote kwa mpangilio, kabla sijaanza kuyapunguza.

Ilianza tukiwa kwenye chai ya asubuhi, mvua ya kufunika macho. Mafundi na pampu yao walikuwa wamepelekwa soko kuu kwa amri ya Mkurugenzi. Yeye mwenyewe na msimamizi wa kanda walikuwa hukohuko, kuna watu wa magazeti walikuja kupiga picha. Mimi nilishuka mapokezi. Nilitakiwa kuangalia jinsi utaratibu mpya unavyofanya kazi siku ya mvua kubwa. Nilisimama pembeni ya meza yake na ubao wangu wa kuandikia, kama askari.

Simu ikaita. Wifi akaiweka kwenye spika. Alikuwa mwalimu wa shule ya chekechea ya kule bondeni.

"Habari za asubuhi," yule mwalimu akasema, kwa adabu kabisa. "Samahani kuwasumbua. Mtaro wa nyuma ya shule umeziba, sasa maji yameingia, watoto nimewapandisha juu ya meza, na... samahani, nilikuwa nasemaje?"

Wifi akaingiza kwenye mfumo, vidole vinakimbia. Akatuma. Kwenye kioo yakatokea maneno yaleyale ya ramani yangu: inasubiri idhini. Akampigia msimamizi, simu imezimwa. Akampigia mhandisi, mhandisi akasema hawezi kuidhinisha kitu ambacho msimamizi hajakigusa, waraka umekataza. Kule kwenye spika watoto walikuwa wanalia, na mwalimu anawaimbisha.

Akanigeukia. "Wifi," akasema. Hajawahi kuniita hivyo mle ndani. "Nifanye nini?"

Nilikuwa mtu pekee katika jengo lile ambaye angeweza kusema: piga, nitasema mimi ndiye niliyekuambia. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Nikasema, "Subiri kidogo. Msimamizi atarudi sasa hivi."

Akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetafuta miwani yake mahali ambapo anajua haipo. "Haya," akasema. Akatoa simu mkobani, akampigia nyapara mbele ya macho yangu.

Watoto wote wametoka salama, migongoni mwa mafundi, wamelowa tu. Lakini pampu ilipoondoka sokoni, mtaro wa soko ukazidiwa. Unga, magodoro, majora ya vitambaa, vyote majini. Alasiri uwanja wetu ulijaa wafanyabiashara wanapiga kelele. Mkurugenzi akaja suruali imelowa mpaka magotini, akauliza nani kawaondoa mafundi sokoni bila ruhusa.  Akapanda mpaka chumbani kwangu, akatembea moja kwa moja hadi ukutani, akaweka kidole kwenye mshale mwekundu. Hakuniuliza kitu. Aliupata mwenyewe, nimeuchora vizuri.

Ijumaa, 25 Aprili

Wifi kasimamishwa kazi, atafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Wanasema safari hii ni kufukuzwa. Amebakiza muda mfupi tu kufikia kustaafu, na akifukuzwa haki zake zote za uzeeni zinapotea. Mimi nimeitwa kama shahidi, nije na ramani.

Mume wangu kanikuta nimekaa bafuni, bomba halijafunguliwa. "Umesikia ya dada?" akauliza. "Sijui ni mnafiki gani aliyemchongea." Nikasema sijui.

Jumanne, 29 Aprili

Sili vizuri. Watoto wamenizoea nikiwajibu "baadaye".

Jumanne, 6 Mei

Kamati. Mwanasheria wa shirika ndiye mwenyekiti, kulia kwake afisa utumishi, kushoto Mkurugenzi. Wifi kavaa vizuri, kajifunga kilemba. Pembeni yake katibu wa chama cha wafanyakazi, mtu mwembamba mwenye makaratasi mengi. Ramani yangu imening'inizwa nyuma ya mwenyekiti.

Wakamsomea: aliambiwa njia hii ni marufuku, akaitumia, hasara ikatokea sokoni. Akakubali kwamba alipiga simu. Akawaeleza habari za watoto. Mwenyekiti akasema watoto ni jambo la kushukuru, lakini kinachoangaliwa hapa ni mazoea. Tabia ya siku nyingi, alisema, na ushahidi ni huu mshale.

Ndipo katibu akainuka. "Mimi nimesoma mahojiano yote rasmi ya mshauri," akasema. "Huu mshale haumo. Mpokezi hakuusema, nyapara hakuusema. Naomba kujua mshauri aliutoa wapi. Kama hakuupata kwa utaratibu wake mwenyewe, basi hauwezi kumfukuzisha mtu."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilijua jibu, na nililiona jibu lile likimwokoa yeye na kunimaliza mimi: jikoni kwangu, huyu ni wifi yangu, siku ya kwanza nilimwambia Mkurugenzi sina ndugu hapa. Nikafungua mdomo. Nikaukuta mtupu.

"Nilimwambia mimi," akasema wifi. "Kwenye mahojiano, pale ofisini. Labda alisahau kuandika."

"Mnafahamiana nje ya kazi?" akauliza mwenyekiti.

"Aa, hapana," akasema, na akanitazama kama anavyotazamwa mgeni foleni ya benki. "Huyu dada simjui zaidi ya hapo."

"Ni kweli, mshauri?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu hiki, nilikisikia kikienda juu na chini. Katibu akakaa, makaratasi yakamwanguka. Uamuzi utatolewa Ijumaa.

Aliwadanganya kwa ajili ya mkate wa watoto wa mdogo wake, na mimi nikaula palepale mezani. Sijawahi kujichukia namna hii. Natamani ardhi ingepasuka, lakini hata ardhi ningeiona inanihurumia bure.

Jumatano, 7 Mei

Nimekwenda kwake. Hakufungua. Niliisikia redio ndani, kisha ikazimwa.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwambia mume wangu. Yote, tangu mchele mpaka kichwa changu kilichoitikia. Alikuwa anashona kiatu cha mtoto. Hakuinua uso. Nilipomaliza aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha, akasema, "Kesho nguo gani utavaa?"

"Yoyote."

"Basi vaa, uende." Akatoka nje, mvuani.

Ijumaa, 9 Mei

Niliomba kusema kabla uamuzi haujasomwa. Mwenyekiti akasema ushahidi umeshafungwa. Nikasema nitasema nimesimama hapahapa mlangoni, mtaandika au hamtaandika.

"Huyu ni wifi yangu," nikasema. "Dada wa mume wangu. Ule mshale sikuupata ofisini. Aliniambia jikoni kwangu tukichambua mchele, akanitaka niuache hukohuko jikoni, nikamwahidi nitauacha. Siku ya kwanza Mkurugenzi aliniuliza kama nina ndugu hapa, nikasema sina. Na siku ya mafuriko aliniuliza afanye nini, nikamwambia asubiri, watoto wakiwa juu ya meza. Hilo ndilo nililomwambia." 

Mkurugenzi akainamisha kichwa, na safari hii hakuwa ananisikiliza. Katibu alikuwa ameshasimama. Wakatutoa nje, wakakaa kwa muda mrefu.

Pale kwenye korido nilimsogelea wifi. Akanigeukia, na macho yake yalikuwa na moto ambao sikuuona siku zote zile nilizomkosea.

"Nani kakutuma?" akasema. "Mimi nilikuwa nimeshamaliza. Nimeshajipanga moyoni mwangu, nimeshasema nitakula nini. Sasa umenifanya muongo mbele za watu, na mdogo wangu atalala njaa, na wewe je? Wewe utalala vizuri."

"Wifi, nisamehe."

"Ulitaka kutua mzigo wako, ukanitwisha mimi." Akakaa upande wa pili wa korido, na tukasubiri hivyo.

Wameiondoa ramani kwenye ushahidi. Bila ramani hakuna mazoea, kuna simu moja tu ya siku moja, na hiyo iliokoa watoto. Wamemrudisha kazini na onyo kali la maandishi, kwa kuidanganya kamati. Mkataba wangu umevunjwa kuanzia leo. Afisa utumishi alinisindikiza nikachukue mkoba, na nikaziacha karatasi zote ukutani.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemuuliza mume wangu mbona hajanigombeza. "Dada kanikataza," akasema. "Kwa hiyo sikugombezi." Akaendelea kula.

Jumanne, 20 Mei

Mvua zimepungua. Nimepata kazi ndogo ya kupanga mafaili kwa mtu. Wameniuliza kama nina ndugu pale, nikatafuta kwanza kichwani mpaka wakashangaa. Mume wangu kapata kibarua cha wiki kwenye karakana ya milango. Ni dada yake aliyemtafutia.

Jumamosi, 31 Mei

Jua, la kwanza la kukausha magodoro. Wifi kaja. Alikuwa hajaja tangu siku ile ya kamati, na niliposikia sauti yake getini nikamwaga maji ya chai.

Amekuja vizuri. Kaniita wifi, kaniuliza habari za afya, kasema watoto wamerefuka. Tukakaa jikoni. Kasema mvua za mwaka huu zilikuwa nyingi. Kasema sukari imepanda. Nikamuuliza kazi inakwendaje, akasema inakwenda vizuri, mfumo unafanya kazi. Nikamuuliza kama watu bado wanapiga simu sana, akasema wanapiga kiasi. Akanywa chai yake, akaisifu. Nilimsubiri apunguze sauti. Nilijisogeza hata kiti karibu, nikanyamaza ili apate nafasi. Akatazama dirishani, akasema ni kweli, jua ni zuri, nguo zitakauka.

Alikaa mpaka jua likageuka, hatukugombana, hakuninunia. Alipoondoka nilibaki jikoni nikiyarudia yote aliyosema, moja baada ya jingine. Hakukuwa na neno hata moja ambalo lisingeweza kubandikwa ukutani, mbele ya Mkurugenzi na wakuu wote wa vitengo.